Subirini Kwanza, Bado Nafunga Mizigo

Shija alinipigia nikiwa nimefungua simu ya mteja mezani, skrubu zake nimezipanga kwenye kifuniko cha soda zisipotee. Alinisalimu kwa utaratibu wote wa kwetu, mwadila mayu, yaani umeshindaje mama, habari za Bariadi, mvua imefika huko, pamba inasemaje, na kadiri salamu zilivyorefuka ndivyo nilivyoelewa kuna jambo. Msukuma mwenye habari njema haulizi pamba mara mbili. Mwishoni akasema, "Mayu Minza, shemeji yangu Nyanzobe ametutoka. Tumeshamzika, nisamehe, mtandao ulikuwa unasumbua." Nikawa nasikia upepo wa ziwa kwenye simu yake. Kisha akasema jambo ambalo mtu mwingine angeona ni la kipuuzi kulisema siku ya msiba: "Boti iko mwaloni. Sijaizima. Nimewaambia vijana mtu asiguse betri mpaka ufike." Nikamwambia nakuja kesho. Nilirudisha skrubu za watu kwenye simu yao, moja ikabaki, na mimi huwa sibakizi skrubu. Nikafunga duka mapema, nikakaa ndani peke yangu nikilia, maana yule mama nilimpenda.

Kuna mwaka mmoja nilioishi Kalemela, kando ya ziwa, na nikiulizwa nilijifunzia wapi kazi sitaji chuo, nataja mwaka ule. Nilikuwa binti mwenye cheti cha elektroniki, mdomo mrefu na viatu visivyofaa mchanga. Mradi mmoja wa kupima maji ya ziwa ulikuwa unataka kompyuta ndogo zifungwe kwenye boti za wavuvi, ili wavuvi wakienda kwenye shughuli zao, kompyuta nayo iwe inapima joto la maji na hewa iliyomo. Nikapewa boti ya nahodha Luhende, na chumba cha kupanga nyumbani kwake. Chumba chenyewe kilipakana na jiko. Ukuta wa matofali ya tope haukufika juu kwenye bati, kwa hiyo moshi wa Nyanzobe, harufu ya sato wake na maneno ya nyumba nzima vilipita juu ya ukuta vikanikuta kitandani. Nilijua mengi ya ndoa ile kuliko nilivyotakiwa kujua. Asubuhi nilikula matobolwa, vile viazi vikavu, na chai, mchana ugali wa udaga wa muhogo ulionata kwenye vidole. Luhende alikula amenyamaza na mkewe aliongea kwa niaba ya wote wawili.

Kompyuta ilikuwa ndogo, ukubwa wa pakiti ya majani ya chai, haina kioo wala vibonye, imefungiwa kwenye kisanduku cha plastiki kisichoingiza maji. Kuiwasha hakuna kazi, unaipa umeme inaamka. Kazi iko kwenye kuizima. Kompyuta ya namna ile ukiikatia umeme ghafla inapoandika, memori kadi inaharibika, na kesho yake ukiiwasha haiamki, au inaamka haikumbuki kitu. Inatakiwa iambiwe kwamba umeme unaondoka, ipewe muda mfupi ifunge mambo yake, ndipo ikatiwe. Sasa Kalemela betri hailali mwaloni, pale boti zinapoegeshwa. Ukiiacha, asubuhi unakuta waya zinaning'inia. Kwa hiyo boti ikigusa mchanga tu, samaki hata hawajashushwa, mtu anang'oa betri, anaitupia begani na kuondoka nayo nyumbani ikawashe taa na kuchaji simu za majirani. Niliharibikiwa na kadi nyingi sana. Nikaweka swichi na kibetri cha akiba ndani ya kisanduku, cha kuipa kompyuta pumzi ya kumalizia, na paneli ndogo ya sola ya kukilisha kibetri hicho. Haikusaidia, maana kompyuta iking'ang'ania kufunga na mtu akawa ameondoka na waya za kisanduku pamoja na betri, umefanya nini? Nikaweka taa nyekundu ya kuwaambia wasubiri. Jua la ziwani halioneshi taa. Nikaweka mlio, kila mtu akapapasa simu yake mfukoni, betri ikaondoka.

Aliyenifungua macho ni Nyanzobe, akiwa anachambua dagaa. "Hao hawasikii filimbi," alisema. "Kwenye ile boti anasikilizwa mtu mmoja tu, naye haongei." Basi nikamfuata Luhende na simu yangu, nikamwomba aseme maneno mawili. Alikohoa, akavuta shati likakaa vizuri kama anayepigwa picha, akasema taratibu: "Subirini kwanza. Bado nafunga mizigo." Nikamwambia sasa sema la kuwaruhusu. Akafikiri, akasema: "Haya. Nimemaliza. Chukueni betri, mwende nyumbani." Nikaweka kispika kidogo ndani ya kisanduku. Kuanzia hapo swichi ikizimwa, sauti ya kwanza inatoka, watu wanasimama, kompyuta inafunga mambo yake, sauti ya pili inatoka, taa inazimika, betri inang'olewa. Sikuharibikiwa kadi tena. Vijana walimtania, nahodha sasa anajijibu mwenyewe, wakawa wanaitikia kwa pamoja, "Tunakusubiri, baba." Nyanzobe aliposikia siku ya kwanza alisimama na beseni kichwani, akasema, "Kumbe maneno unayo. Nyumbani unaninyima, unakwenda kuyamwaga kwenye boti." Luhende akacheka mpaka akakaa kwenye ukingo. Sikuwahi kumwona akicheka vile tena.

Luhende alikufa wakati pamba inachanua. Alirudi ziwani jua likiwa limeshapanda, akasema amechoka, akaingia ndani. Mimi nilikuwa chumbani kwangu nikilehemu waya, na juu ya ukuta nilimsikia Nyanzobe akimwita aje kula. Akajibu kwa ndani, "Subiri kwanza." Nilimsikia Nyanzobe akifunika ugali na sahani, kisha sufuria ya mchuzi. Akangoja. Nikaendelea na kazi zangu. Baadaye nikasikia mlango, na halafu ile sauti ambayo mtu akishaisikia haiulizi. Alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu. Daktari alisema moyo.

Mchana uleule turubai lilifungwa, watu wakaanza kumiminika, na ilibidi kuwe na taa kabla jua halijazama. Shija, mdogo wake Luhende na msaidizi wake kwenye boti, alitumwa mwaloni kuleta betri, maana asubuhi ile hakuna aliyeing'oa. Alirudi akikimbia, betri ameikumbatia kifuani, tindikali imemwagikia shati, akaiweka chini pale turubaini bila kusema kitu. Tulidhani ni huzuni. Taa ziliwaka msiba wote kwa betri ile, nami sikuwaza habari za kisanduku. Nani angewaza?

Niliwaza matanga yalipokuwa karibu kuanuliwa. Nilishuka mwaloni mchana, wavuvi wamepumzika, mchanga unachoma hata kwa viatu. Boti ya Luhende ilikuwa imefungwa peke yake kwenye maji ya magotini. Boti nyingine zilikuwa zimesogezwa mbali nayo, zote, nafasi tupu pande zote mbili, na nilijiuliza kwa nini. Nikaingia majini, nikafika, nikainama kuchungulia kisanduku. Kivuli changu kikaanguka ndani ya boti. Na Luhende akasema, "Subirini kwanza. Bado nafunga mizigo."

Mimi ndiye niliyeiweka ile sauti. Nilijua kispika kiko wapi, nililehemu waya zake mwenyewe. Pamoja na hayo yote miguu yangu ilirudi nyuma bila kuniuliza, maji yakanifika mapajani. Nikasimama. Kimya. Nilingoja sauti ya pili, ile ya kuruhusu, haikuja. Jua likapiga ndani ya boti, na baada ya muda kile kitaa chekundu kikawaka tena chenyewe. Nikasogea, nikanyoosha mkono tu, kivuli cha mkono kikapita, na akasema tena, pale pale, karibu na sikio langu, "Subirini kwanza. Bado nafunga mizigo." Halafu kimya. Wingu likapita juu ya ziwa likafunika jua, sikuwa nimegusa kitu, akasema tena. Nikatoka majini. Sitasema nilitembea, nilikimbia, na mwanamke mmoja aliyekuwa akianika dagaa akaniangalia bila mshangao wowote. "Anaongea na kila anayemsogelea," alisema. "Wewe ndiyo umesikia leo."

Alasiri ile nilikuwa kitandani, nasikiliza. Jikoni walikuwepo Shija na Nyanzobe, na mahali ambapo palikuwa na kelele za vyombo siku zote palikuwa na sauti ya kijiti kimoja tu kikichochea moto.

"Shemeji, ile boti siiingii tena," Shija alisema. "Na vijana hawaingii. Kuna mtu wa Lamadi anaitaka. Auziwe, au tuichome."

"Ukiichoma nitakula nini?"

"Una kaka zako Bukundi."

"Nirudi Bukundi, uzee huu, nikaombe jembe kwa wake za kaka zangu." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Luhende ameniachia kitu kimoja, Shija. Hicho hicho."

Kisha Shija akasema kwa sauti ya chini sana, nikabana pumzi ili nisikie. "Nilipozima ile swichi siku ile aliniambia subirini. Alikuwa amelala hapa ndani, amefunikwa shuka, na kule ananiambia subirini. Sikusubiri, shemeji. Nilivuta betri nikakimbia. Sasa hajamaliza. Kila siku anasema bado, bado, na ni mimi niliyemkatiza."

Kijiti kiliacha kuchochea. "Na mimi aliniambia subiri," Nyanzobe alisema. "Nikafunika chakula, nikasubiri."

Nilitoka chumbani, nikaingia jikoni bila hodi, nikakaa chini, nikaeleza. Nilieleza vizuri, namshukuru Mungu kwa hilo. Kwamba betri kubwa ilipoondoka, kompyuta ilibaki inaishi kwa paneli ya sola. Jua likipiga inaamka. Kivuli kikipita, kiwe cha wingu au cha mtu, inadhani umeme unaondoka, inaanza kufunga, inasema subirini. Lakini kibetri cha akiba kimeshachoka, hakina nguvu ya kuifikisha mwisho, kwa hiyo inakatika njiani. Jua likirudi inaamka tena, inaanza upya. Haijawahi kumaliza hata mara moja. Nilipofika hapo nikasikia maneno yangu mwenyewe na nikaona nyuso zao. Nilikuwa nimewaeleza habari za waya, wao wamesikia habari za Luhende, na sijui hadi leo kama tulikuwa tunatofautiana sana.

"Kwa hiyo dawa yake nini?" Nyanzobe aliuliza.

"Betri irudi. Ipate nguvu. Halafu tuizime vizuri, tuiache imalize."

Akamgeukia Shija. "Umesikia. Uliyeitoa ndiye utakayeirudisha."

"Shemeji."

"Utairudisha na mimi nitakuwepo."

Kesho yake mchana tulishuka. Kalemela mwanamke haingii kwenye boti ya uvuvi, husema samaki hukimbia, lakini Nyanzobe alifunga kanga ya pili kiunoni, akaingia majini, akashika ukingo, akapanda, na hakuna aliyemwambia kitu. Wavuvi walikuwa wamesimama mchangani wamejipanga. Shija alikuja na betri begani. Alipofika boti kivuli chake kikatangulia, na kaka yake akamwambia subirini kwanza. Aliinua uso akaniangalia, machozi yanamtoka waziwazi, akaendelea kutembea. Aliiweka betri mahali pake. Nikafunga waya. Nikawaambia inabidi tukae, kibetri cha ndani kijae kwanza. Tukakaa humo ndani watatu, jua linatupiga utosini, boti inayumba kidogo, na sasa kivuli kikipita kisanduku hakisemi kitu. Nyanzobe alikuwa amekuja na ugali kwenye hotipoti, na sato. Akagawa. Tulikula ndani ya boti ya marehemu, na akaweka kipande cha ugali na samaki kwenye ubao alipozoea kukaa mumewe, wala hakueleza.

Nilipoona imetosha nikamwambia Shija azime swichi. Nyanzobe akaweka mkono wake juu ya wa Shija, wakazima pamoja.

"Subirini kwanza. Bado nafunga mizigo."

"Tunakusubiri," Nyanzobe alisema.

Sasa mimi nilikuwa nimeizima kompyuta ile mara nyingi kuliko nilivyoweza kukumbuka. Nilijua muda wake kama mtu anavyojua muda wa chai kuchemka. Ukapita. Kitaa kilikuwa bado kinapepesa. Shija alinitazama, nikamwonesha kwa mkono atulie. Mchangani hakuna aliyekohoa. Maji yalikuwa yamelala kabisa, hata kamba ya nanga haikusogea, na kitaa kikaendelea kupepesa, kupepesa, nami nikaanza kuogopa, si kuogopa kompyuta kuharibika. Niliogopa kwamba hatamaliza. Nyanzobe hakutazama kisanduku. Alikuwa anatazama kile kipande cha ugali. "Usiharakishe," akasema. "Leo hakuna anayekukimbiza." Nina maelezo yangu kwa muda ule, bila shaka, kompyuta ilikuwa imeanza na kukatizwa siku nyingi na ilikuwa na mengi ya kupanga. Ni maelezo mazuri, nimeshawapa wanafunzi wangu wa ufundi.

"Haya," Luhende alisema. "Nimemaliza. Chukueni betri, mwende nyumbani."

Kitaa kikazimika. Shija akapiga kelele moja ya kilio, ile aliyopaswa kuilia siku ya kifo, na kule mchangani wanaume wakamshukuru kwa pamoja, "Wabeja, baba." Nyanzobe ndiye aliyeng'oa betri. Aliivuta kwa mikono miwili, akamkabidhi shemeji yake, akashuka majini, akaelekea nyumbani kama alivyoambiwa.

Vijana hawakuwa tayari bado. Walikuja jioni, wakakaa uani, wakasema kwa adabu kwamba wataingia kazini, ila sauti iwe ya mtu aliye hai. Nikamwambia Nyanzobe naweza kuitoa ile, lakini nikamwuliza mara mbili kama ana uhakika, maana hatukuwa na nyingine, Luhende hakuwa mtu wa kurekodiwa. Alinijibu, "Ameshaaga, mayu. Mtu akishaaga humvuti shati mlangoni. Itoe, weka yangu." Nikaitoa. Nikashika simu, naye akarekodi akiwa jikoni, hakutaka kutoka nje. Sikumpa maneno, aliyasema yake: "Subirini kwanza. Bado nafunika chungu." Na la pili: "Haya. Njooni nyumbani mle." Nyuma yake mfuniko wa sufuria unasikika. Nikataka kurudia, akakataa. Wiki ile boti iliingia ziwani, na Nyanzobe hakwenda Bukundi. Alizeekea Kalemela na boti yake, akabadilisha mashine, akabadilisha nyavu. Mradi ulikwisha na watu wake wakaondoka, lakini wavuvi walikuwa wameshazoea kukiuliza kisanduku habari za maji kwa simu zao kabla ya kutupa nyavu, hawakukubali nikitoe. Nilikuwa nakwenda kukitengeneza kila kilipozingua, na kila nilipobadilisha kompyuta nilihamisha sauti.

Nilipofika, kesho yake ya ile simu, Shija alinipokea mwaloni na mkongojo. Yeye ndiye mzee sasa. Vijana walikuwa wamesimama mchangani, si wale, ni wengine kabisa, wanavaa miwani ya jua na kucheza na simu, lakini walikuwa wamesimama mbali na boti umbali uleule wa zamani. Shija akazima swichi. "Subirini kwanza," Nyanzobe akasema. "Bado nafunika chungu." Mfuniko ukalia, nami nikanusa moshi, nasema nilichonusa. Tukaitikia kwamba tunakusubiri, mayu. Ikamaliza kwa wakati wake wa kawaida, hakuchelewa hata kidogo, huyo hakuwahi kuacha kitu hakijafunikwa. "Haya. Njooni nyumbani mle." Kitaa kikazimika. Shija akajifuta macho kwa kofia.

Kisha akaniomba niweke sauti nyingine, ya mtu aliye hai. Nikawageukia vijana, nikauliza nani. Mmoja akatazama majini, mwingine akakumbuka ameitwa na mama yake. Wa tatu akavua miwani yake akasema kwa heshima kabisa, "Shikamoo mama, usinielewe vibaya. Waliosema humo wote wawili wako kaburini." Nikamwambia, "Marahaba. Na walioko nje je, wanakwenda wapi?" Wakacheka kidogo, lakini hakuna aliyesogea. Shija akasema yeye sauti yake imeshakwisha. Akawa ananiangalia. Nikaelewa kwamba alikuwa ameshajua itakuwa sauti yangu tangu aliponipigia simu.

Basi nilikohoa, nikavuta gauni likakaa vizuri, nikasogeza simu mdomoni. Kwa hiyo sasa kuna boti Kalemela inayosema kwa sauti yangu. Wavuvi wananiambia naongea vizuri, wananiitikia. Mimi nikiwa hapa dukani, jua likishapanda, saa ambazo boti zinagusa mchanga, huwa naacha nilichoshika, bisibisi au kikombe, nanyamaza. Mteja akiniuliza kulikoni, namwambia subiri kwanza.